Waliokuja Kumpa Pole Shangazi

Kasulu, bwenini
20 Agosti 2023

Mpendwa Shangazi Mapendo,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeamka, ingawa sijui umeamka vipi. Huku mimi ni mzima. Vumbi la Agosti limeingia hadi kwenye sukari, na kila asubuhi tunamwagia maji uwanja kabla ya kufagia, tusije tukapiga chafya wakati wa wimbo wa taifa. Rafiki yangu Shukrani, anayelala kitanda cha juu, anakusalimia sana. Anasema wale dagaa ulionifungia Julai wamemnenepesha. Mimi nasema ni maharage.

Shangazi, jana matroni aliniita nikaongee na Baba Mdogo Assani kwa simu yake. Baba Mdogo akaniambia kwamba wiki iliyopita, alfajiri, ulivamiwa hapo Kibirizi ulipokuwa unashuka pwani kupokea dagaa, ukakatwa mkono kwa panga, ukanyang'anywa mtaji wako. Nilipotaka kuuliza zaidi, salio lake likaisha. Nimebaki na nusu ya habari, na nusu hiyo sijui niiweke wapi. Darasani naiona ubaoni.

Ilikuwaje, Shangazi? Walikuwa wangapi? Uliwaona? Mbona ulishuka peke yako? Ni mkono upi, na umeshonwa? Polisi wamesema nini? Niandikie yote, usinifiche kwa sababu mimi ni mtoto. Tangu mama afariki na baba avuke ziwa kwenda Kalemie, nyumba ile ni yangu na yako tu, na wewe ukiumia sina mwingine wa kukimbilia.

Naomba umsalimie jirani yetu Mama Thobias. Najua atakuwa anakupikia, na hilo peke yake linanipa usingizi kidogo.

Barua hii nampa Mzee Nikodemu, dereva wa shule, anayeshuka mjini kuchukua chakula. Ataiacha dukani kwa Baba Mdogo. Majibu yaache hapo hapo.

Mwanao,
Anifa

*

Kibirizi
3 Septemba 2023

Kwako Anifa, jina la mama yangu,

Marahaba. Sisi huku tupo. Kuku mweusi ametotoa, vifaranga wawili wamechukuliwa na mwewe, waliobaki wana akili. Baba Mdogo wako amenunua redio kubwa, sasa mtaa mzima tunasikiliza mpira tupende tusipende. Upepo umekuwa mwingi ziwani na mvua bado haijasema neno.

Mkono ni wa kulia. Unaendelea. Ndiyo maana mwandiko huu unauona kama wa yule kuku, naandika kwa wa kushoto. Mengine yaliyobaki ni mambo yaliyopita, na yaliyopita hayana haja ya wino.

Likizo fupi usije. Baki shuleni na vitabu vyako, wenzako wa kidato cha tatu wanabaki wengi, nimesikia. Nyumbani hapana raha kwa sasa. Dagaa wa kukufungia sina, sijashuka pwani.

Usiwe na mawazo. Soma.

Ni mimi Shangazi yako,
Mapendo

*

Kasulu, bwenini
24 Septemba 2023

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Nimeisoma barua yako mpaka nimezoea mwandiko, na sasa naona "k" zako za kushoto zina maringo kuliko za kulia.

Likizo nilibaki kama ulivyosema. Wengi waliondoka. Tulibaki wachache, tukawa tunakula meza moja ya mwisho karibu na jikoni, na mpishi akatuita "mabaki." Nilisoma Biolojia yote ya muhula. Hukuniambia kama Mama Thobias alipata salamu zangu, labda ulisahau.

Sasa nikupe habari iliyonifanya niandike. Kuna afisa ustawi wa jamii anaitwa Dada Scola, anakuja shuleni kwetu Jumamosi. Ameanzisha klabu ya kujifunza namna ya kumsaidia mtu aliyetendewa uhalifu: aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyedhulumiwa. Nilijiandikisha wa kwanza, na sikumwambia mtu kwa nini.

Siku ya pili alituigizisha. Shukrani akawa mama aliyenyang'anywa beseni sokoni, mimi nikawa jirani. Shukrani alilia mpaka kamasi. Nikavuta kiti nikasema, "Pole mama. Ilikuwaje? Ulikuwa unatembea na nani saa hizo?"

Dada Scola akapiga makofi kusimamisha mchezo. "Anifa, wewe ni polisi?"

"Hapana, dada."

"Ni hakimu?"

"Hapana."

"Basi mtu kaibiwa beseni, na wewe unamwongezea kesi!"

Darasa zima likacheka. Na Shukrani, bado na machozi yake ya kuigiza, akasema, "Tena hajanipa hata maji ya kunywa."

Nami nilicheka. Halafu nikakumbuka barua niliyokuandikia Agosti. Shangazi, maswali yale yote nayaondoa. Yahesabu kama hayakuandikwa.

Kuna jambo moja tu, nalo si la lazima. Dada Scola anafanya utafiti. Anasema aliyetendewa uhalifu huulizwa ilikuwaje na kila mtu, ila haulizwi ameishije baada ya hapo, na kwamba mafunzo ya askari na manesi na walimu huandikwa bila kumsikia yeye. Kwa hiyo kila mwanaklabu apeleke swali kwa mtu mzima mmoja anayemfahamu. Swali lenyewe ni hili: Baada ya jambo lile, ni nani aliyekufaa, na ni kipi kilichokuumiza ingawa kilifanywa kwa wema? Jina haliandikwi. Mtu akikataa, haulizwi sababu.

Ukikataa, niandikie tu habari za vifaranga.

Mwanao,
Anifa

*

Kasulu, bwenini
15 Oktoba 2023

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mzee Nikodemu amerudi mara mbili bila barua. Amesema aliuliza dukani na Baba Mdogo akajibu hakuna kitu, kisha akaongeza sauti ya redio. Sikuandikii ili kukukumbusha lile swali. Nakuandikia kwa sababu leo ilikuwa siku ya wazazi kututembelea na nina nafasi.

Ilikuwa siku nzuri. Mvua ilinyesha kidogo asubuhi ikakata. Mimi nilijitolea kubeba viti, maana wazazi walikuwa wengi na wanafunzi wote walikuwa nao. Mama yake Shukrani alitoka Kidahwe na ndizi za kupikwa kwa mawese, akaniita nile nao. Aliniuliza, "Wako wamechelewa gari?" Nikasema ndiyo. Sikupenda kumdanganya, lakini ndizi zilikuwa za moto na sikujua niseme nini kingine.

Baadaye nilirudisha viti.

Natumaini mkono unapona. Natumaini umeshuka pwani, hata kutazama tu.

Mwanao,
Anifa

*

Kibirizi
29 Oktoba 2023

Kwako Anifa, jina la mama yangu,

Marahaba. Unaona mwandiko umerudi? Ni mkono wa kulia huu, ingawa kidole cha mwisho hakikunjiki. Vifaranga wamekua. Mvua imeanza na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Uliniuliza kipi kiliumiza ingawa kilifanywa kwa wema. Niliposoma nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikaisha. Nimekaa na swali hilo mwezi mzima. Hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Sasa nakujibu, ila soma ukiwa umekaa.

Baada ya jambo lile walikuja kunipa pole watu wote. Wote, Anifa. Tulitandika mkeka nje na mwingine ndani. Na kila aliyeketi alisema, "Pole sana, ilikuwaje?" Nami nikaanza mwanzo. Aliyechelewa akaomba nirudie hapo kwenye panga. Mama mmoja alileta wageni wake kutoka Ujiji, watu nisiowajua, ili nao wasikie. Mzee Mwinshehe wa msikitini akanisahihisha: "Jana ulisema walikushika bega la kushoto." Umewahi kusikia mtu anasahihishwa majeraha yake? Lakini utamfukuza nani? Mtu ameacha kazi zake amekuja kukupa pole, wewe unampa stori. Ndiyo desturi. Hata mimi kwa wenzangu nimefanya hivyo hivyo, na niliondoka nikijiona mwema.

Kisha akaja Yunisi, Mama Thobias. Unajua mimi na yeye tumeanika dagaa kichanja kimoja tangu hujazaliwa. Alileta ugali na samaki wa mgebuka. Mkono wangu ulikuwa umefungwa, basi akasema, "Fungua mdomo, dada," akanilisha tonge kwa tonge mbele ya watu kama mtoto mchanga. Watu wakasema tazama upendo. Halafu akauliza, "Na sura zao, uliziona?"

Mkeka wote ukageuka kunitazama. Nilikuwa na tonge lake mdomoni. Nikalimeza, nikasema, "Sikuwaona. Kulikuwa giza."

Hakukuwa na giza, Anifa. Mwezi haukuwepo, ni kweli, lakini pale kwenye kibanda cha chai kuna taa ya sola na ilikuwa inawaka. Mmoja sikumtambua. Mwingine, aliyeshika panga, ni Thobias wake. Thobias niliyembeba mgongoni mama yake alipokuwa na homa. Naye alinitambua. Alisema, "Shangazi, achia mfuko." Aliniita shangazi.

Askari alipokuja kuchukua maelezo, mkeka ulikuwa bado umejaa watu na Yunisi yuko palepale anaosha sahani. Ningeanza vipi? Nikasema yale yale. Yakaandikwa.

Ndiyo maana nilikukataza kuja likizo. Wewe ungenitazama tu ungejua. Na Yunisi angekupikia.

Nilidhani nitakaa nalo mpaka lizeeke ndani yangu. Lakini juma hili Marcelina, yule mke kijana aliyeanza biashara ya dagaa mwaka huu, amevamiwa palepale. Yeye wamemkata usoni. Nilimkuta zahanati nilipokwenda kutazamwa kidole. Akaniambia, "Shangazi, hata wewe hukuwaona?" Nikasema sikuwaona. Nikatoka nje bila kutazamwa kidole.

Nikienda leo kusema nilimwona, mtaa mzima ni shahidi kwamba nilisema sikumwona. Nitaitwa mwongo, na Yunisi nitakuwa nimemuua. Nisipoenda, mwanamke wa tatu atakatwa wapi?

Hili usiliandike kwenye utafiti wenu.

Ni mimi,
Mapendo

*

Kasulu, bwenini
5 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma nikiwa nimekaa kama ulivyosema. Halafu nilikwenda nyuma ya bweni kwenye kamba za nguo nikakaa tena. Shukrani alinifuata akakaa pembeni, hakuniuliza kitu. Nadhani klabu inamfaa kuliko inavyonifaa mimi.

Hakuna kitu nilichoandika kwenye utafiti. Nilimwuliza Dada Scola kwa maneno ya mbali, bila jina la mtu wala la mahali: mtu aliyetoa maelezo ya uongo kwa kuogopa kumvunjia mtu heshima, anaweza kurudi? Alinitazama kidogo. Nadhani alijua, lakini hakusema anajua. Alisema anaweza kurudi wakati wowote, na aeleze pia kwa nini alisema vile mwanzo, maana hiyo nayo ni sehemu ya ukweli. Anaweza kuomba maelezo yachukuliwe kituoni kwenye chumba chenye mlango, si barazani kwa watu. Na anaweza kusindikizwa. Kuna mwenzake wa ustawi pale mjini anaitwa Gasper, na jina hilo limo ndani ya bahasha hii pamoja na namba yake ya simu.

Alisema pia jambo ambalo sikulipenda. Alisema msaidizi hamwamulii mtu. Kwamba yule mtu ameshanyang'anywa mara moja, na sisi tukimnyang'anya uamuzi tutakuwa wa pili.

Kwa hiyo sitakuambia uende. Hapa nimeandika sentensi nikaifuta, ndiyo maana karatasi imechubuka. Usijaribu kuisoma.

Marcelina ana watoto? Usinijibu kama hutaki.

Ukienda ni Shangazi yangu. Usipoenda ni Shangazi yangu. Hili silifuti.

Mwanao,
Anifa

*

Kibirizi
19 Novemba 2023

Kwako Anifa, jina la mama yangu,

Marahaba. Baba Mdogo wako anakusalimia. Redio yake imeharibika kwa mvua na mtaa umemshukuru Mungu kimyakimya.

Ile sentensi uliyoifuta niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha nikaisoma. Mtoto mkaidi ni wa kwangu.

Nilikwenda. Gasper wenu alinisubiri getini. Kijana mwembamba, nikamwambia, "Wewe ndiye utakayenilinda?" Akasema, "Hapana mama, mimi nitakushikia mkoba." Na kweli, alikaa kwenye benchi na mkoba wangu mapajani. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo kazi yake. Akasema, "Leo ndiyo."

Askari alikuwa msichana tu, ana miwani. Akafunga mlango. Akafungua faili akasoma, akasema, "Mama, hapa unasema hukuona mtu."

"Ndiyo, nilisema."

"Leo unasema ulimwona. Ulidanganya lini, siku ile au leo?"

"Siku ile."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na tonge la mama yake mdomoni."

Akaweka kalamu chini. Sijui kwao ni wapi, lakini hilo hakuliuliza tena. Akasema, "Haya mama. Anza unapotaka wewe." Nikaanzia kwenye taa. Nilieleza mara moja tu, mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyenisahihisha.

Thobias wamemchukua Alhamisi. Kumbe Marcelina naye alikuwa amemtambua lakini akaogopa kusimama peke yake. Mwenzake amekimbia. Watatuita mahakamani, tarehe bado.

Yunisi alikuja jioni ile ile. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni akasema, "Ulikula ugali wangu. Mbele ya watu. Ulikula ukashiba." Ni kweli nilikula. Akasema, "Ungeniambia mimi. Ningemshika mwenyewe." Labda angemshika. Labda angemvusha usiku kwenda ng'ambo. Hilo silijui, na sasa hata yeye hataweza kulijua.

Nimeanza kushuka pwani tena. Wengine wananikaribisha, wengine wakiniona wanakuwa na shughuli nyingi na mabeseni yao. Marcelina amerudishwa kwao apone, hana wa kumlelea watoto hapa. Yunisi amehamishia dagaa wake kichanja cha mwisho kwenye mawe, ambako jua linachelewa. Asubuhi hanipi hata mwakeye, salamu ambayo Muha hamnyimi hata mdai wake. Mimi nina kichanja kizima peke yangu. Sikuwahi kujua ni kirefu hivi.

Sasa na mimi nina swali la utafiti. Mwulize Dada Scola wako: mtu akishasema ukweli, anafanyaje na jirani aliyempoteza? Mmefundishwa hilo?

Ni mimi,
Mapendo

*

Kasulu, bwenini
26 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na asante. Nimejaribu kuandika zaidi ya asante hapo, haikutoka.

Mitihani imeisha. Ubao wa darasa umefutwa wote na madirisha yanapakwa rangi. Wiki ijayo tunafunga shule, nami nakuja. Safari hii usinikataze, maana nitakuja hata ukinikataza.

Swali lako nililipeleka, bila jina. Dada Scola alilisoma akafumba macho mpaka Shukrani akaninong'oneza, "Kasinzia?" Kisha akasema, "Hilo hatujawahi kuuliza." Akasema utafiti wao unaishia pale mtu anapotoka kituoni, kama vile akitoka pale anafika nyumbani. Mwakani wanataka kuanzia hapo ulipouliza wewe. Anaomba ruhusa kuliandika swali hilo, swali tu. Nimemwambia nitakuuliza kwanza.

Lakini mwakani ni mbali na wewe unaanika kila siku. Nimepekua daftari la klabu lote. Kuna ukurasa wa aliyekatwa, na kuna ukurasa wa kusimama mahakamani. Wa mama wa aliyekata haupo. Nilikasirika na Mama Thobias siku mbili kwa sababu ya maneno yake ya mlangoni. Siku ya tatu nikamwona kichwani mwangu yuko kule kwenye mawe anasubiri jua peke yake, na nyumbani kitanda cha Thobias kiko kitupu, na hakuna anayeweza kutandika mkeka kumpa pole. Nani angekuja? Angesema nini?

Kwa hiyo sina jibu, Shangazi. Nina kitu kidogo tu, sikukipata klabuni.

Nikifika, asubuhi nitashuka na wewe. Nitashika beseni upande wa kidole kisichokunjika. Tukishamwaga dagaa, nitakwenda mpaka kichanja cha mwisho nimwamkie Mama Thobias. Wewe huwezi kwenda, najua, na sikuombi. Lakini mimi ni mdogo kwake, na shikamoo ni yangu kuitoa. Sitampa pole, sitamwuliza kitu, sitamtetea mtu. Nitasema shikamoo, nitasimama kidogo kama inavyopasa.

Akiitikia, nitarudi kwako tuendelee kuanika. Asipoitikia, nitarudi kwako tuendelee kuanika, na kesho yake nitamwamkia tena.

Mwanao,
Anifa